Usimwangalie Ndani ya Mato

Siku niliyosema barazani kwamba naenda Mombasa kutibiwa tumbo kwa hipnosi, kahawa ilisimama. Ami alikuwa na kikombe mdomoni. Alikirudisha kwenye sinia bila kunywa. Jirani yetu, fundi wa kuchonga milango, akauliza kama hiyo hipnosi ni dawa ya kunywa au ya kupaka. Kijana mmoja aliyesoma chuo Nairobi akamjibu kabla sijafungua kinywa: "Si dawa. Unatazamwa machoni mpaka unalala, kisha unaambiwa fanya hivi nawe unafanya. Nimeona kwenye simu, mtu mzima na ndevu zake analia kama kuku." Kuanzia hapo sikuhitajika tena katika mazungumzo ya tumbo langu mwenyewe.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imekwisha kutangulia. Bibi alinipokea dakani, hakuniachia hata nivue viatu. "Mwanangu," akasema, "ukenda huko, usimwangalie mtu huyo ndani ya mato. Atakutukua akili." Mato, kwetu Lamu, ni macho.

Nilikwenda, na nimerudi nayo, kwa kiasi kile kile nilichoondoka nacho. Wenzangu wa baraza wameniuliza mengi tangu hapo, na kila ninapojibu mmoja, mwengine huja kesho yake na swali lile lile amelivisha kanzu nyingine. Ndiyo maana naandika.

Tumbo langu lina historia. Lilianza mwaka niliohamishiwa kufundisha Mokowe, ng'ambo, ikabidi nipande mashua kila asubuhi. Kwanza lilikuwa likinguruma tu. Baadaye likaanza kukaza kama kamba ya tanga, kisha kunituma chooni mara tatu kabla ya kengele ya kwanza. Wiki nyingine lilifunga kabisa, siku nne, nikawa natembea kama nimemeza nanga. Kwa miaka 9 niliijua Lamu kwa vyoo vyake. Mji huu una misikiti zaidi ya 20, na ningeweza kukwambia upi birika lake ni zima na upi mlango wa choo haufungi. Arusi za Faza na Siyu, kisiwani Pate, niliacha kwenda. Mashua haina choo, na abiria wa mashua hawana kazi nyingine ila kukutazama.

Nilipimwa kila kinachopimika: choo, damu, mpaka kamera ya utumbo. Hakuna kidonda, hakuna mdudu. Daktari akanieleza kwamba utumbo wangu ni mzima ila una hasira; kitaalamu huitwa IBS. Mishipa yake ya fahamu husikia kupita kiasi, na ubongo hupokea kila mnong'ono wa huko chini kana kwamba ni ukelele. Dawa alizoniandikia zilisaidia kidogo. Bibi akaniletea kombe, aya za Kurani zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikanywa, na kwa siku mbili nilitulia. Nalisema hili bila kejeli, na nitalirudia.

Niweke onyo kabla hadithi haijakolea. Tumbo linalotoa damu, au linalokukondesha, au lililoanza ghafla mtu akiwa mtu mzima wa makamo, halipelekwi kwa hipnosi. Linapelekwa kwenye vipimo. Mimi nilifika kwa mtaalamu nikiwa na bahasha nzima ya majibu mkononi, naye kitu cha kwanza alichofanya ni kuisoma.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilitarajia pazia jeusi na saa ya mnyororo. Nikakuta meza, feni, viti viwili, na mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi hospitalini miaka mingi. Saa nzima ya kwanza aliniuliza maswali. Nakula nini, nalala vipi, lilianza lini, naogopa nini hasa. Hilo la mwisho nilijibu kwamba naogopa maumivu. Akaandika, akaniangalia juu ya miwani yake (mimi nikatazama feni, wosia wa Bibi), akasema, "Maumivu, mwalimu, au mashua?"

Siku ya pili ndiyo ikawa yenyewe. Aliniambia nifumbe macho nikipenda. Nikashtuka: nikipenda? Akasema wengine huyaacha wazi wakatazama doa ukutani, ni sawa tu. Akaanza kuzungumza polepole, nivute pumzi, nilegeze taya, niweke kiganja juu ya tumbo nilisikilizie joto lake likiingia ndani. Kisha akaniambia kwamba Uingereza, njia hii ilikochongwa, wagonjwa huambiwa wafikirie mto unaotiririka vizuri. "Wewe kwenu kuna mto?"

Nikamwambia Lamu hatuna mto. Tuna Mkanda.

Kwa asiyeujua, Mkanda ni ule mkono mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Mashua za Pate hupita humo maji yakijaa. Yakitoka, mashua hukwama topeni, nahodha akawasha sigara, abiria wakaanza kulaumiana. Sikuwahi kufikiri juu yake kabla ya siku ile, lakini tumbo langu lilikuwa Mkanda mtupu: ama limekauka na kila kitu kimekwama, ama maji yanaingia kwa ghadhabu. Akalichukua neno hilo hapo hapo. Dakika zote zilizofuata alinizungumzia maji kujaa, polepole, bila kelele, mashua ikiinuka yenyewe kutoka topeni.

Sasa nikwambie ilikuwaje, maana hapa ndipo watu wanapodhani nitasema nilipotea. Nilizisikia pikipiki chini. Nilijua ni alasiri. Pua iliniwasha nikaikuna, na hakuna aliyenizuia. Katikati nilifikiria kama nimezima jiko. Kwa hakika nilivunjika moyo, nikajiambia pesa zangu zimekwenda na maji. Ila kiganja kilikuwa kizito kikweli, na joto lile lilikuwa limeshuka ndani kuliko kiganja kinavyoweza kulifikisha. Aliponiambia nifungue macho nilidhani zimepita dakika kumi. Zilikuwa 35.

Umewahi kukaa ufukweni ukatazama jahazi likitoka mpaka mtu akakuita mara ya tatu? Au ukasoma riwaya ukaacha wali ukaungua? Masikio yako yalikuwepo, nawe ulikuwepo; umakini tu ndio uliokusanywa wote sehemu moja. Hipnosi ni hali hiyo ikiingiwa kwa makusudi, na ndani yake mtu anakupendekezea jambo nawe unaliacha litokee. Ukiliacha.

Kosa la kuiita usingizi lina mwenyewe, na mwenyewe alilijutia. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, mwaka 1841 alikwenda kumtazama Mfaransa mmoja akionyesha watu maajabu jukwaani. Alikwenda akidhani atafumania hila. Akaona macho ya yule aliyepandishwa jukwaani kweli yamechoka hayafunguki, akaenda kujaribu nyumbani kwake, na mwaka 1843 akachapisha kitabu kilicholipa jambo hili jina kutoka hypnos, neno la Kigiriki la usingizi. Miaka michache baadaye aligundua kwamba wengi wa wagonjwa wake hawalali kabisa, akapendekeza jina jingine lenye maana ya wazo moja tu kutawala akili. Lakini jina la kwanza lilikwishapanda mashua. Mawimbi ya ubongo yanapopimwa, mtu aliye katika hipnosi si mtu aliyelala. Mwaka 1976 Éva Bányai na Ernest Hilgard waliwaingiza watu katika hali hiyo wakiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, macho wazi, wanakanyaga. Usingizi gani huo wa kukanyaga baiskeli?

Barazani nilipowaeleza haya, Ami hakuridhika. Ami ni nahodha mstaafu, na manahodha hawaamini maelezo yasiyo na upepo ndani yake. "Lazima kuna kitu kinatoka kwake kuja kwako," alisema. "Nguvu. Mato yana nguvu."

Nikamsimulia kisa cha miti. Kabla ya Braid alikuwako Franz Anton Mesmer, daktari wa Kijerumani aliyehamia Paris mwaka 1778 akidai kwamba kuna majimaji ya sumaku yasiyoonekana yanayopita katika viumbe vyote, na kwamba yeye anaweza kuyaelekeza. Mabibi wa mjini walianguka, walilia, walitetemeka, na wengine wakapona. Mfalme Louis wa 16 akaunda tume mwaka 1784. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani kule, na Lavoisier, baba wa kemia. Mwanafunzi wa Mesmer alipeleka sumaku yake katika mti mmoja wa matunda bustanini kwa Franklin, kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa kwenye miti minne. Mti wa kwanza akatoka jasho na kukohoa. Wa pili akasema kichwa kinamwuma. Wa tatu akazidi. Wa nne akazimia. Na mti wenyewe uliotiwa sumaku haukuwa hata mmoja kati ya hiyo minne. 

Baraza zima lilicheka, Ami mbele. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini alizimia."

Hilo ndilo. Tume iliandika kwamba hakuna sumaku, ni dhana ya mtu mwenyewe tu, na watu wakalifunga faili. Wachache ndio waliouliza swali la Ami: kama ni dhana tu, dhana inawezaje kumwangusha mtoto mzima chini? Nilipomwuliza mtaalamu wangu juu ya kombe la Bibi na zile siku mbili za utulivu, hakucheka. Alisema matarajio ya mtu ni sehemu ya kila tiba, ya hospitali na ya nyumbani, na kazi yake yeye ni kuyatumia waziwazi, mgonjwa akijua. Sikumpelekea Bibi jibu hilo. Kwake kombe ni maneno ya Mungu, na hapo si pahali pangu.

Kuna kisa kingine kilichowagusa zaidi watu wa hapa, kwa sababu kina mabusha. Pwani yetu matende na mabusha hatuyasomi vitabuni; vidonge vya kampeni tumevimeza, na kila mtaa una mzee aliyeacha kuja barazani kwa sababu hiyo. Basi Aprili 1845, katika mji wa Hooghly, Bengal, daktari Mskoti aitwaye James Esdaile alikuwa na mfungwa mwenye mabusha mawili. Nusu kaputi ilikuwa haijaenea. Upasuaji ulikuwa kushikwa na wanaume wanne. Esdaile alikuwa amesoma habari za Mesmer lakini hajawahi kuona zikifanywa. Akajaribu kwa kupitisha mikono juu ya mwili wa mtu yule kwa muda mrefu, mpaka akaona hasikii maumivu. Katika miaka iliyofuata alifanya upasuaji wa mamia, mwingi wa kuondoa uvimbe mkubwa uletwao na matende, na kiasi kikubwa cha wagonjwa wake walipona katika zama ambazo kukatwa ilikuwa nusu ya kufa. Oktoba 1846 ikaja etha kule Boston, mwaka uliofuata klorofomu, nazo hufanya kazi kwa kila mtu, kwa dakika chache, bila kubembeleza. Esdaile akasahauliwa. Huwezi kuwalaumu madaktari.

Fundi wa milango alitaka kujua kama leo mtu anaweza kukatwa hivyo. Anaweza kusaidiwa. Liège, Ubelgiji, tangu 1992 daktari wa nusu kaputi Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake wamefanyia wagonjwa maelfu upasuaji, ukiwemo wa tezi ya shingo, wakitumia hipnosi pamoja na dawa ya ganzi na kiasi kidogo cha dawa ya kutuliza. Pamoja na. Atakayekwambia utupe dawa zako, shika viatu vyako utoke.

Kwamba maumivu yanaweza kubadilishwa kwa maneno si porojo. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake, Montreal, walitia mikono ya watu katika maji ya nyuzi 47 huku wakipiga picha ubongo. Katika hipnosi waliwaambia mara nyingine maumivu hayakeri, mara nyingine yanakera zaidi. Maji yalikuwa yale yale. Sehemu ya ubongo inayosajili kwamba kitu kinaunguza mkono ilibaki vile vile. Iliyobadilika ni ile inayohusika na kukereka. Nilipolisoma hilo nililielewa tumbo langu kuliko kwa miaka 9 yote. Mngurumo haukuwa adui. Adui alikuwa yule mlinzi wa ndani aliyepiga ngoma ya hatari kwa kila mngurumo.

Lakini hofu ya Bibi haikuwa juu ya maumivu. Ilikuwa juu ya kutii. Na hofu hiyo wanayo watu wengi, tena wasomi.

Kila mtu hapa anamjua mtu aliyemjua mtu aliyeshikwa mkono Mombasa na mgeni mwenye manukato, akajikuta ametoa pesa zote za simu kwa hiari yake. "Alinipumbaza," husema. Sibishi kwamba aliibiwa. Matapeli hutumia haraka, aibu na tamaa ya mtu, na wengine hutia dawa kwenye kinywaji, ambayo ni jinai na ni sumu. Hakuna anayehitaji hipnosi hapo. Na ni vizuri kumwambia mtu ameibiwa kwa ujanja, kuliko kumwacha aamini mkono wa mgeni unaweza kumwondoa utashi. Wa kwanza hujihadhari, wa pili huogopa kila salamu.

Kule jukwaani, kwenye yale mambo ya kuku, ukitazama vizuri utaona dakika za mwanzo mwenye mchezo huita watu, huwajaribu, na kuwarudisha vitini wengi wao. Wanaobaki ni wepesi, tena wamepanda wenyewe, mbele ya kadamnasi inayongoja kuburudishwa. Mtu wa arusini anayepanda kucheza mwishoni mwa ngoma naye hakulazimishwa na mpigaji.

Zito zaidi ni la Shakahola, la wale waumini waliofunga kula mpaka wakafa. Tangu 2023, ulipoanza kufukuliwa ule msitu wa nyuma ya Malindi na miili zaidi ya 400 kutolewa ardhini, nimesikia mara nyingi watu wakisema, "walifanyiwa hipnosi." Nafahamu kwa nini. Akili inakataa kuamini kwamba mama anaweza kumnyima mwanawe chakula, basi tunatafuta neno la kufunika shimo. Lakini sauti ya dakika 35 haina uwezo huo. Kilichosimuliwa na walionusurika na jamaa zao ni kazi ya miaka: kutengwa na ndugu, na shule, na hospitali, kuishi mahali ambapo sauti moja tu inasikika. Tukiiita hipnosi tunaifanya muujiza wa mtu mmoja, na tunaacha kuuliza ni nani waliokuwa wakipita karibu hapo miaka yote hiyo.

Naondoka hapo. Sina zaidi la kusema juu yake lenye haki.

Ustadhi wetu, ambaye sikutarajia angejali, ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko wote. Alinisimamisha baada ya magharibi: "Ukiwa huko ndani, ukisikia adhana, utaitika?" Wakati ule nilikuwa nimeshapewa sauti iliyorekodiwa ya kusikiliza nyumbani kila siku, maana sehemu kubwa ya tiba hii ni mazoezi ya mgonjwa peke yake. Nikamweleza la juzi yake: nimelala kitandani, mkono tumboni, Mkanda umejaa, mara adhana ya alasiri. Nikafungua macho, nikatoa vitu masikioni, nikaenda kutawadha. Hakuna aliyenihesabia mpaka tatu. Watu huuliza, je, mtaalamu akifa ghafla utabaki huko milele? Utachoka kumngoja, utafungua macho, kisha utaita watu wa maiti.

Hii haina maana kwamba kila mtu huingia sawasawa. Chuo Kikuu cha Stanford, tangu 1959, wana vipimo vya kuangalia nani ni mwepesi: majaribio 12, kuanzia mkono kuwa mzito mpaka mambo magumu. Katika kimojawapo unaambiwa kuna mbu anakuzungukia, halafu wanatazama kama utamfukuza. Wachache sana hawaitikii karibu lolote, wachache huitikia karibu yote, wengi tuko katikati. Watu 50 waliopimwa ujanani walipimwa tena miaka 25 baadaye na alama zao zilibaki karibu pale pale. Wala wepesi si upumbavu. Mtu mwenye kuzama katika kisa ndiye huitikia, na barazani petu ningemtaja fundi wa milango kabla ya yeyote. Mtaalamu alinijaribu mimi. Mkono ulikuwa mzito vizuri. Mbu sikumsikia. Mzaliwa wa Lamu hahitaji mbu wa kuambiwa.

Kuna watu wawili ilibidi niwavunje moyo. Wa kwanza binamu yangu, aliyetaka aache sigara kwa kikao kimoja, amlipe mtu kisha asahau. Tafiti za kuacha sigara kwa hipnosi zimekusanywa na kupimwa, na hazionyeshi wazi kwamba inashinda njia nyingine za kawaida. Nilimwambia hivyo. Akawasha moja palepale, kwa huzuni.

Wa pili ni mama wa jirani aliyepoteza bangili za dhahabu za mkaza mwanawe. Alinifuata usiku, amejitanda buibui, akaninong'oneza: "Mwalimu, huyo daktari wako hawezi kuniingiza huko ndani nikakumbuka niliziweka wapi? Au nikamuona aliyezichukua?" Hapa nilishtuka kweli, kwa sababu nilijua jina la msichana wa kazi aliyekuwa kichwani mwake. Kumbukumbu si sanduku lililofungwa likingoja ufunguo. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na katika hipnosi mtu hujenga kwa wepesi na kuamini alichojenga. Uhakika wake huzidi, usahihi wake hauzidi. Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilikataa mwaka 1982 ushahidi wa shahidi aliyekumbushwa kwa njia hiyo. Mama yule angetoka huko amemuona msichana waziwazi, na rangi ya kanga aliyovaa. Nikamwambia haiwezekani. Bangili zilipatikana kwenye debe la mchele wiki mbili baadaye, na hakuna aliyemwomba msichana radhi kwa jinsi alivyotazamwa siku zile.

Tumbo, je? Uthibitisho ulio mzuri zaidi wa hipnosi, ukiacha maumivu, unatokea kuwa wa ugonjwa wangu. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake, Manchester tena, walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Waliopata hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata mazungumzo na kidonge kisicho na dawa. Tangu hapo imerudiwa mahali pengi, na mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2008 unaitaja kuwa mojawapo ya njia za kufikiriwa kwa mtu ambaye dawa hazijamfaa kwa miezi 12. Si wote wanaopona. Mimi mwenyewe sisemi nimepona. Nilifanya vikao 8 kwa miezi minne, baadhi kwa simu ya picha, na sauti ile nyumbani karibu kila siku. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa pili niligundua nimevuka kwenda Mokowe wiki nzima bila kuhesabu hatua za kwenda chooni. Pilipili bado inanikomoa. Mitihani ya mwisho wa muhula nayo.

Wanaotaka jina la mtaalamu siwapi, nawapa swali. Mwulize: bila hipnosi, wewe umesomea kutibu ugonjwa huu? Akiwa daktari, muuguzi au mtaalamu wa saikolojia aliyesajiliwa, atajibu kwa sentensi moja. Akianza kukwambia habari za nguvu zake, rudi kwenye miti ya Franklin. Na mwambie ukweli wote, hasa kama umewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kupoteza hali ya akili, kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo njia hii inaweza kuwadhuru, na mtaalamu wa kweli atakuuliza kabla hujasema.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi Faza. Nilipanda. Ami alikuja pia, akakaa karibu na nahodha ili amkosoe. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya mifuko ya unga, na tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Katikati ya mikoko mashua ikagusa, ikajivuta, ikagusa tena, ikalala ubavu. Nahodha akawasha sigara. Abiria wakaanza kulaumiana.

Saa tatu, akasema, labda nne, mpaka yarudi.

Nikalisikia likianza, chini ya kitovu, pale pale pake. Nikaweka kiganja. Nikajaribu kuleta ile picha ya maji yakijaa polepole, mashua ikiinuka yenyewe, na mbele yangu kulikuwa na tope tupu na kaa wakitembea juu yake. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ikabidi nifumbe macho nisiuone Mkanda ndipo niupate Mkanda.

Baada ya muda nikasikia mtu ameketi karibu nami. "Umelala?" Ami aliuliza.

"Sijalala."

"Tumbo je?"

"Limeamka," nikamwambia, "lakini bado limekaa."

Akafikiri kidogo. Kisha nikamsikia akivua kofia yake, akaiweka gotini, na kiganja chake mwenyewe, taratibu, kana kwamba hataki wale wengine waone, akakiweka juu ya lile goti lake bovu.